Jua Halikukata Waya

Jumapili tarehe 12 Mei 2024 mtandao uliondoka Kimali. Haukuondoka wote kwa mpigo. Simu za kawaida ziliendelea kuita na ujumbe mfupi ulipita, lakini picha hazikufunguka, sauti za WhatsApp zilikwama, na kwenye vioo vya simu kilibaki kiduara kinachozunguka tu. Mei ni mwezi ambao soko la pamba hufunguka huku Simiyu. Chini ya mkwaju ulio karibu na ghala la ushirika walikuwa wamekaa wakulima, vijana wa kupakia pamba, na watu wasio na shughuli ya Jumapili.

Kijana mmoja alikuwa na maelezo. Tangu Jumamosi alikuwa akitazama picha za anga jekundu na la zambarau kutoka Ulaya na Marekani. "Ni jua," alisema. "Jua limelipuka. Limeunguza mtandao wa dunia nzima."

Mzee mmoja akainua uso, akatazama juu kupitia majani. "Jua lipi? Hili hili?"

Watu wakacheka. Kisha wakanigeukia mimi, kwa sababu ninafundisha fizikia. "Eti mwalimu, ni kweli?"

Nilijibu vibaya. Nilisema, "Inawezekana." Lilikuwa jibu la mtu asiyetaka kuaibika mbele za watu. Limenikaa kooni tangu siku hiyo, kwa sababu Usukumani "inawezekana" si neno jepesi. Huku tunajua kinachofuata watu wakikosea chanzo cha jambo. Wapo bibi vizee waliouawa kwa mapanga kwa sababu mtoto wa jirani aliugua, ng'ombe walikufa, au mvua ilichelewa, na macho yao yalikuwa mekundu kwa moshi wa kupikia miaka sitini. Hakuna aliyekulia mkoa huu asiyeijua habari hiyo. Mwalimu anayejibu "inawezekana" ameacha mlango wazi, na hajui atakayeingia.

Hili ndilo jibu nililopaswa kutoa chini ya mkwaju. Ni refu, kwa sababu linaanzia mbali.

*

Kijana hakuwa mwongo. Jua kweli lilikuwa limelipuka.

Wiki hiyo kundi la madoa kwenye uso wa jua, lililopewa namba 3664, lilikuwa limetanda hadi kufikia upana wa takribani dunia 15 zilizopangwa kwa mstari. Doa la jua ni mahali ambapo sumaku ya jua imejisokota kama kamba iliyopindwa kupita kiasi. Kamba hiyo ikikatika na kujiunga upya, hutupa vitu viwili. Cha kwanza ni mwanga mkali, hasa eksirei, unaotufikia kwa dakika zipatazo 8. Cha pili ni wingu la gesi yenye chaji za umeme, lenye uzito wa mabilioni ya tani, ambalo huchukua siku moja hadi tatu njiani na huja limebeba sumaku yake lenyewe. Wingu hilo likigonga sumaku ya dunia, huitikisa. Wataalamu huita mambo haya yote kwa jina moja, hali ya hewa ya anga za juu.

Mei 2024 jua lilitupa mawingu kadhaa mfululizo, la nyuma likilikimbilia la mbele. La kwanza liligonga Ijumaa tarehe 10, saa 2 usiku na dakika chache kwa saa zetu. Ilipokaribia saa 8 usiku wa kuamkia Jumamosi, kituo cha utabiri cha Marekani kilipandisha kipimo cha dhoruba hadi ngazi ya 5, ambayo ndiyo ya mwisho. Ngazi hiyo haikuwa imefikiwa tangu Oktoba 2003. Anga jekundu lilipigwa picha hata Namibia. Katikati ya Marekani, wakulima waliokuwa kwenye msimu wa kupanda mahindi walisimamisha matrekta, kwa sababu mitambo ya GPS inayoyaongoza kwenye mistari haikujua tena mstari uko wapi.

Kwa hiyo dhoruba ilikuwapo, na mtandao ulipotea, na vyote vilitokea siku zilezile. Lakini uchawi nao hujengwa hivyohivyo, kwa mambo mawili yaliyokutana siku moja. Ili kujua kama jua lilikuwa na mkono wake katika jambo letu, inabidi kwanza kujua jua hushika wapi.

*

Mwaka 1858, tarehe 3 Agosti, Mwingereza John Hanning Speke alifika ufukwe wa kusini wa ziwa kubwa, karibu na Mwanza ya leo, akitokea Tabora. Alipita Usukumani akiwa na wapagazi na dira yake. Mwaka mmoja na mwezi mmoja baadaye, tarehe 1 Septemba 1859, Mwingereza mwingine, Richard Carrington, alikuwa nyumbani kwake kusini mwa London akichora madoa ya jua, alipoona mwanga mweupe ukimulika ghafla juu ya madoa hayo. Saa 17 na kitu baadaye dunia ilipigwa na dhoruba ya sumaku ambayo hadi leo ndiyo kipimo cha dhoruba nyingine zote. Kwenye nyaya za simu za maandishi, cheche ziliruka. Kati ya Boston na Portland, Marekani, makarani wawili walichomoa betri zao na kuendelea kuzungumza kwa umeme ulioletwa na dhoruba peke yake.

Usukumani usiku huo hakukuwa na waya hata mmoja. Watu walilala, ng'ombe walilala zizini. Dhoruba ileile ilipita juu ya vichwa vyao, lakini haikuwa na kitu cha kushika.

Jambo hili ndilo ninalotaka wanafunzi wangu walielewe kabla ya mengine. Jua halikuanza ukorofi wake juzi. Ni sisi ambao mwaka baada ya mwaka tumetandaza vitu vipya ambavyo jua linaweza kuvigusa. Mwaka 1879 waya wa kwanza wa baharini ulifika Zanzibar kutoka Aden, ukaendelea kusini hadi Msumbiji na Durban. Ukumbuke mji huo wa Durban. Tutaurudia.

*

Baada ya waya ikaja redio, na redio ndiyo iliyotufikia sisi wa bara ndani.

Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951. Tarehe 27 Juni 1957 BBC ilianza kutangaza kwa Kiswahili. Siku nne baadaye, tarehe 1 Julai 1957, wanasayansi wa mataifa mengi walianza Mwaka wa Kimataifa wa Jiofizikia, ambao uliendelea hadi mwisho wa 1958, ili kuipima dunia na jua kwa pamoja. Waliuchagua wakati huo kwa sababu jua lilikuwa likielekea kileleni. Madoa ya jua huongezeka na kupungua kwa mzunguko wa miaka 11 hivi, na mzunguko uliofika kilele mwaka 1958 ndio mkubwa kuliko yote tangu mizunguko ianze kuhesabiwa, katikati ya karne ya 18. Kiswahili kiliingia kwenye mawimbi ya kimataifa wakati jua lina hasira kuliko wakati wowote katika kumbukumbu hiyo.

Kati ya redio na jua kuna uhusiano ambao hatukuambiwa. Matangazo ya masafa mafupi hayafuati ardhi. Hurushwa juu, yakagonga tabaka la hewa nyembamba lenye chaji za umeme, kuanzia kilomita 60 hivi juu yetu hadi mamia ya kilomita, kisha yakarudi chini mbali. Tabaka hilo huitwa ionosfia, na jua ndilo linalolitengeneza kila asubuhi kwa kuzipasua chembe za hewa. Sauti iliyotoka London ikafika Kimali ilikuwa imedundishwa na kioo kilichotengenezwa na jua. Jua likilipuka mchana, sehemu ya chini ya tabaka hilo hunenepa kwa dakika chache na kuyameza mawimbi, na redio hunyamaza. Hunyamaza zaidi pale jua lilipo utosini, yaani kwetu.

Kioo hicho hakikubeba habari na muziki tu. Mwaka huohuo wa 1957 walianzishwa Madaktari Warukao wa Afrika Mashariki, ambao leo ni AMREF, na katika miaka ya 1960 walizifunga hospitali za misheni za Kenya na Tanganyika kwenye mtandao wa redio. Wazee wetu waliita chombo hicho simu ya upepo. Mganga wa zahanati ya mbali aliita, akaeleza hali ya mama aliyeshindwa kujifungua, akasubiri jibu au ndege. Kulikuwa na siku ambazo simu ya upepo ilikoroma tu. Jina lenyewe lilitupoteza. Upepo haukuwa na kazi yoyote pale.

Kuacha watu wabahatishe kuna gharama, na Zanzibar iliionja mapema. Mwaka 1960 Wamarekani walianza kujenga kituo huko Tunguu, kusini ya kati ya Unguja, cha kuwasiliana na vyombo vya mradi wa Mercury uliowapeleka watu wao wa kwanza angani. John Glenn alipoizunguka dunia tarehe 20 Februari 1962, Tunguu ilikuwa mojawapo ya vituo vilivyomsikiliza. Kazi yake ilikuwa kupokea na kutuma mawimbi. Lakini mjini maneno yalikuwa mengine, kwamba ni kituo cha makombora, na watu waliandamana kukipinga. Vilikuwa vita baridi na watu walikuwa na sababu za kuwashuku wakubwa. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 kituo kilifungwa, na Aprili mwaka huo serikali mpya ikataka kiondolewe.

Kaskazini zaidi, pwani ya Malindi, Waitaliano walisimamisha jukwaa baharini liitwalo San Marco. Tarehe 26 Aprili 1967 waliruka kutoka hapo na setilaiti iliyopima uzito wa hewa nyembamba ya juu, karibu na ikweta. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, ikaruka setilaiti ya Wamarekani ya kutafuta eksirei za nyota. Waliipa jina la Uhuru. Neno la Kiswahili lilikuwa likiizunguka dunia, nasi bara tulikuwa bado tunasema simu ya upepo.

*

Sasa nifike nyumbani.

Mwaka 1974 Operesheni Vijiji iliwahamisha watu huku kwetu, ambako wakati huo ni Mkoa wa Shinyanga. Familia zilizozoea kukaa mbalimbali, kila mji na shamba lake na mbuga yake, zilijikuta zimepangwa kwenye mstari mmoja na majirani wasiowachagua. Guku wangu, baba yake mama, alipangiwa karibu na mwanamke mjane aliyetoka upande mwingine wa mto. Jina lake silitaji. Ana wajukuu, na baadhi nawafundisha.

Guku alikuwa na redio ya betri. Betri zikichoka alizianika juani juu ya jiwe, mchana kutwa, na usiku zilipata nguvu kidogo. Watoto walizilinda zisiibwe kama wanavyolinda mtama usiliwe na ndege. Wakati huo ndio ulikuwa wakati wa redio hasa. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 nchi nzima katika vikundi, kila kikundi na kijitabu chake na redio yake, wakisikiliza Radio Tanzania na kujadili malaria, maji na vyoo. Guku alichimba choo kwa sababu redio ilisema. Alichoambiwa na redio, aliamini.

Mwishoni mwa 1978 Idi Amin aliivamia Kagera. Mjomba wangu, mtoto wa kwanza wa guku, alikwenda vitani. Kuanzia hapo kila jioni saa 2 kasoro redio ilitolewa nje, ikawekwa juu ya kigoda, na watu wakasikiliza taarifa ya habari. Mama yangu alikuwa na miaka 12. Anakumbuka kwamba hakuna aliyeruhusiwa hata kukohoa.

Machi 1979, majeshi yetu yakiwa ndani ya Uganda, redio ilianza kutetemeka. Mama hutumia neno hilo. Ilikuwa ikisikika vizuri alasiri, lakini giza likiingia sauti ilianza kupanda na kushuka haraka haraka, kama mtu anayeongea huku ana homa. Maneno yalikatika katikati. Msomaji wa habari alitaja mahali, na jina likapotea. Alitaja waliouawa, na idadi ikapotea. Jioni ya pili hivyohivyo. Jioni ya tatu guku aliinua macho akamwona yule mjane anapita njiani na kuni kichwani, na redio ikanyamaza kabisa.

Hakumpiga. Hakumwita mganga wa kunusa wachawi, na kwa hilo ninashukuru. Alisema tu, mbele ya watu wote waliokaa, "Huyu hataki nisikie habari za mwanangu." Hiyo ilitosha. Kuanzia wiki ile mjane hakuombwa chumvi wala hakuazimwa jembe. Watoto walikatazwa kupita uwanjani kwake. Kisimani wanawake walimwachia nafasi pana kuliko alivyohitaji. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili, mjomba akarudi mzima mwezi wa nane, redio ikapona yenyewe kipindi cha baridi, na hakuna aliyemwambia mjane samahani. Alikaa hivyo hadi kifo chake. Mama anasema alipokuwa akipita, naye alikuwa akiinamisha macho, kama mtu aliyekwishakubali.

*

Nimeisikia habari hiyo maisha yangu yote. Ilinichukua hadi Mei 2024, baada ya aibu ya mkwaju, kukaa na kuipima.

Anga la juu ya Afrika Mashariki lina tabia yake. Mwaka 1946 Mwingereza Edward Appleton aliandika jambo la ajabu, kwamba ionosfia haina nguvu zaidi juu ya ikweta ya sumaku, kama mtu angetarajia, bali pembeni yake, kaskazini na kusini. Ikweta ya sumaku kwa upande wetu inapita Ethiopia. Mchana, chaji hunyanyuliwa pale kama maji ya chemchemi, kisha huanguka pande zote mbili. Kimali haiko mbali na mahali zinapoangukia za upande wa kusini.

Jua likizama, tabaka la chini hutoweka haraka na la juu hupandishwa ghafla. Chini yake hujitokeza mapovu, kama kwenye uji mzito unaochemka, mapovu matupu yasiyo na chaji, yanayopanda mamia ya kilomita. Wimbi la redio linalopita katikati ya mapovu hayo hutawanyika. Sauti hupanda na kushuka haraka. Hutetemeka. Huanza saa moja hivi baada ya jua kuzama, na mara nyingi hutulia kuelekea usiku wa manane. Huku kwetu huwa mengi zaidi miezi ya Machi na Aprili, kisha Septemba na Oktoba, na hupungua katikati ya mwaka. Tena huwa makubwa miaka ambayo jua liko karibu na kilele chake.

Kilele cha mzunguko huo kilifika Desemba 1979. Redio ya guku ilitetemeka Machi, baada ya giza kuingia, ikapona katikati ya mwaka. Kila sharti lilikuwapo. Na ule ukimya wa mwisho, pale mjane alipopita? Betri zilizoanikwa juu ya jiwe hazina ahadi. Huo ndio mkutano wa mambo mawili siku moja.

Redio nyingine kijijini ilikuwa kwa mwalimu mkuu, mwendo wa nusu saa. Kama guku angetembea nusu saa ile akauliza, "Na yako je?", angeambiwa kwamba nayo inatetemeka. Mjane mwenye kuni kichwani asingeweza kuziloga redio mbili, zilizo mbali namna ile, kwa jioni tatu.

*

Turudi kwenye mtandao wa Mei 2024.

Jumapili hiyohiyo serikali ilitangaza kwamba tatizo liko kwenye mkongo wa baharini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Mikongo miwili inayopita pwani yetu, mmoja ulioanza kazi Julai 2009 na mwingine uliofuata 2010, ilikuwa imekatika, wahandisi wakapaona mahali penyewe kuwa ni kilomita 45 hivi kaskazini mwa Durban. Ni mwambao uleule ambao waya wa 1879 ulipita. Jua haliwezi kuchagua hatua mia za bahari karibu na Durban na kuacha nyingine zote. Tena ndani ya mkongo data hupita kama mwanga kwenye uzi wa kioo, na mwanga huo haujali sumaku. Mitambo ya kuukuza mwanga njiani hutumia umeme, na dhoruba kubwa huweza kuusumbua umeme huo, lakini haimegi waya.

Kwa nini basi tuliumia hivyo? Kwa kuwa njia ya kaskazini nayo ilikuwa imejeruhiwa. Februari mwaka huo, kwenye Bahari ya Shamu, meli ya Rubymar ilishambuliwa kwa kombora na Wahouthi wa Yemen, ikaachwa inaelea huku nanga inaburuzika, na nanga hiyo inaaminiwa ndiyo iliyokata mikongo mitatu. Mmoja wao ni mmoja wa hiyo miwili yetu. Kusini kulipokatika, hakukuwa na pa kugeukia.

Mwaka 1979 jua lilifanya, akalaumiwa mtu. Mwaka 2024 zilifanya vita, nanga na idadi ndogo ya njia, likalaumiwa jua. Kosa la kwanza lilimtenga mwanamke mmoja hadi kaburini. La pili linaonekana dogo, lakini nalo lina faida kwa watu fulani, maana jua haliulizwi maswali bungeni. Tukisema ni jua, hakuna atakayeuliza kwa nini nchi nyingi hivi zinategemea nyuzi chache hivi.

Wala sisemi jua lidharauliwe. Tarehe 13 Machi 1989 dhoruba ilizima umeme wa jimbo la Quebec, Kanada, kwa sekunde 92, watu milioni 6 wakabaki gizani kwa saa zipatazo tisa. Baada ya dhoruba za Oktoba na Novemba 2003, transfoma kadhaa Afrika Kusini zilionekana kuharibika, jambo lililowashangaza waliodhani shida hiyo ni ya nchi za barafu. Februari 2022, dhoruba ndogo tu ilinenepesha hewa ya juu, hewa ileile iliyopimwa kutoka Malindi mwaka 1967, na setilaiti 38 kati ya 49 zilizokuwa zimerushwa na Starlink zikaanguka na kuungua. Nasi tumejenga njia ya umeme ya kilomita 670 kutoka Iringa kupitia Dodoma na Singida hadi Shinyanga. Tunapima mipaka ya mashamba kwa GPS, na kifaa cha bei nafuu, mapovu yakiwa juu, kinaweza kukosea kwa mita kadhaa. Mita tano kati ya majirani wawili Usukumani ni kesi ya vizazi viwili.

Wapo wanaotazama. Mbarara nchini Uganda na Malindi nchini Kenya kuna vipokezi vya GPS vinavyopima ionosfia kila sekunde chache. Dar es Salaam kuna kipima sumaku cha mtandao wa Chuo Kikuu cha Kyushu cha Japani. Hermanus, Afrika Kusini, kuna kituo kilichozinduliwa Novemba 2022 kinacholitazama jua saa 24. Habari zinakusanywa juu ya vichwa vyetu. Hazijashuka hadi chini ya mkwaju.

Na zinaweza kushuka. Siku chache kabla ya dhoruba ya jua, mwanzoni mwa Mei 2024, kimbunga Hidaya kilikuja pwani yetu, na hata sisi wa bara tulikijua kwa jina, kwa sababu Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza kila siku kilipo na kinakoelekea. Tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa likabaki pete, maelfu ya watu walikwenda Rujewa, Mbeya, kulitazama kwa miwani maalumu, watoto wa shule wakiwa mbele. Kitu ambacho zamani kingewafungia watu ndani kiliwatoa nje. Waliambiwa mapema, kwa Kiswahili, ni nini kitatokea na kwa nini.

*

Nilimwelezea mama habari ya mapovu. Nilichora kwa kijiti uani, jua hapa, Ethiopia hapa, sisi hapa. Alisikiliza hadi mwisho akichambua mboga. Kisha akauliza, "Kwa hiyo yule mama hakufanya kitu?"

"Hakufanya kitu."

Alikaa kimya muda mrefu. "Nilikuwa namkimbia," akasema. "Alikuwa akinisalimia, mimi nakimbia." Akaendelea na mboga zake.

Mwaka huu darasani tulipofika kwenye mawimbi, niliweka kitabu pembeni nikawauliza wanafunzi swali. Mtandao ukipotea kesho jioni, utauliza nini kwanza? Walijibu vingi: kama bando limeisha, kama simu imeharibika, kama ni serikali, kama ni jua. Mmoja nyuma, msichana asiyependa kunyoosha mkono, mjukuu wa mji ule niliousema, alinyoosha.

"Nitauliza umepotea kwa nani mwingine."

Nikamwambia aendelee. Akasema ukipotea kwangu peke yangu, ni simu yangu. Ukipotea kijiji kizima, ni mnara. Ukipotea Kimali na Mwanza na Nairobi kwa pamoja, lakini GPS inafanya kazi, ni waya mahali fulani. GPS ikipotea pia, na redio, na ndege zinasema hivyohivyo, hapo ndipo nitatazama jua.

Darasa lilikuwa kimya. Dirishani jua la saa nane lilikuwa limesimama juu ya uwanja wa mpira, kali kama kawaida yake. Nilimwambia akae, nikaandika swali lake ubaoni, na wote wakalinakili.